Pistoni Zilizohama Silinda

Jumatatu, 6 Oktoba
Bloku ya injini ya Noah ya Baba Glory imerudi kutoka kwa Hamisi, fundi wa kuchonga injini, Msimbazi. Kaichonga vizuri, kuta za silinda zinang'aa. Kama kawaida yake, kapima kila pistoni na kuichongea silinda yake, maana hata za boksi moja hazilingani sawasawa. Kaziandika namba kwa wino, moja hadi nne. Kanisisitizia: "Dada Zuhura, usizichanganye. Ya tatu nene kuliko wenzake."
Nimemwambia najua. Nilikereka. Mimi si mwanafunzi.

Jumanne, 7 Oktoba
Baba Glory kaja gereji kabla hajafungua duka lake la vitenge. Mjomba wake kafariki Rombo. Mazishi kesho alasiri. Lazima ampeleke mama yake, na mama ana miguu iliyovimba, kupanda basi hawezi. "Jioni naipata?" Nikasema unaipata. Sikutakiwa kusema.
Haraka, haraka. Nikazitumbukiza pistoni zote kwenye beseni la petroli. Kuzitoa, wino hakuna. Nne, machoni zote sawa. Maikromita ya kuzipimia ninayo kabatini. Sikuifuata. Nikapanga kwa kukisia. Moja iliingia kwa ugumu, nikajiambia ni ringi mpya.
Injini imewaka mara ya kwanza. Wameondoka. Mama mtu kanipungia mkono kwenye kioo.

Jumatano, 8 Oktoba
Simu kabla sijanawa uso. Gari limezima ghafla, wamepita Mombo. Injini imejam, haizunguki hata kidogo. Baba Glory anafoka. Nyuma yake namsikia mama anauliza kama watafika.
Nilijua palepale.
Nikasema, "Labda Hamisi hakuchonga sawa."
Neno limetoka lenyewe. Sikulirudisha.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mama Glory, mkewe, kanipigia kutoka Rombo. Walisubiri njiani muda mrefu mpaka lori la vitunguu likampakia mama mbele. Wamefika kaburi limeshafukiwa, watu wanakula. Mama kakaa chini kando ya udongo, akakataa kuinuliwa.


Jumatatu, 13 Oktoba
Noah imevutwa mpaka hapa. Nimefungua. Silinda ya pili imekwaruzika ukuta mzima. Pistoni iliyong'ang'ania humo ndiyo ile nene. Nimeipima. Leo ndiyo nimekumbuka kupima.
Baba Glory keshatangaza Kariakoo nzima kwamba Hamisi kamuulia injini. Jirani yangu alikuwa na bloku ya kumpelekea, kaipeleka kwingine.
Mchana Hamisi mwenyewe kaja. Kaingiza kidole kwenye silinda, kakizungusha taratibu. Hakunilaumu. Kasema tu, "Huenda mashine yangu imechoka. Nitaifungua niikague."
Nilikuwa nimeshika spana. Nikaendelea kufungua nati. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimepita kwa Hamisi. Kaifungua mashine yote. Vyuma vimetandazwa juu ya gunia, yeye kachutama anatafuta kosa ambalo halimo. Kanikaribisha chai.
Nimeinywa. Najichukia.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimeenda dukani kwa Baba Glory, wateja wamejaa. Ningesubiri watoke ningeghairi. Nimesema mbele yao: nilichanganya pistoni, Hamisi hana kosa.
Kakunja kitenge alichokuwa anakipima. "Yule nimemtukana mbele ya watu, Zuhura." Halafu: "Toka."
Nimetoka. Nikaenda Msimbazi kwa miguu. Hamisi kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza, "Hata siku ile unakunywa chai, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Kainamia vyuma vyake tena. Nilisimama pale nikasaidia kumshikia taa. Hakunifukuza, hakuniongelesha.

Jumamosi, 18 Oktoba
Baba Glory kaenda kwa Hamisi kumwomba radhi. Nimesikia kwa watu. Bloku itachongwa upya palepale, ila atakayeifunga ni fundi mwingine. Ni haki yake.

Jumapili, 19 Oktoba
Gereji imefungwa. Mama Glory kanipa namba ya mama mkwe wake, nikampigia. "Shikamoo mama." Marahaba. Nikamweleza mimi ni nani na nilifanya nini.
Kuku wanalia upande wake.
"Nilitaka kumwona ndugu yangu uso tu," kasema.
Hakukata simu. Mimi pia sikukata. Tumekaa hivyo, hakuna anayeongea, mpaka salio langu likaisha.