Jina Lako kwa Chura wa Bahi

Mwanangu Daudi,

Nimekaa kuandika, nimeinuka, nimeenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa, nimerudi. Baba yako ameniuliza kutoka barazani, "Mama Daudi, unatafuta nini humo ndani?" Nimemjibu sitafuti kitu. Ndivyo nilivyo siku hizi. Nikishika ufagio nauacha katikati ya uwanja, nikibandika chai naisahau. Hii ni barua ya kwanza kukuandikia tangu tukuzike, nami naiandika wazi, aisome anayetaka.

Unakumbuka likizo yako ya kwanza kutoka chuo? Ulinikuta hapa hapa Hombolo nachambua mlenda, daftari za darasa la sita zikinisubiri mezani. Kwa mwalimu wa Kiswahili kama mimi, neno geni haliingii nyumbani bila kuhojiwa, nawe uliingia nalo kabla hata hujatua begi: taksonomia.

"Hilo nalo limetoka wapi?"

"Ugirikini, Mama. Ni elimu ya kupanga viumbe hai."

"Sisi tuna uainishaji. Aina, ainisha, uainishaji. Neno lina mzazi na watoto, unakwenda kuazima la nini?"

Ukavuta kigoda. "Uainishaji ni kupanga, Mama. Taksonomia ni kumtambua kiumbe, kumweleza, kumpa jina, halafu ndipo umpange na ndugu zake. Ukimpanga kabla hujamjua, umepanga vyombo kabatini."

Tulibishana mpaka ugali ukashika chini ya sufuria. Ukanitajia ngazi zako: himaya, faila, ngeli. Uliposema ngeli nikakukatiza, nikasema ngeli ni mali yangu, wewe tafuta neno lako. Ukajibu, "Ngeli za majina chukua wewe. Ngeli ya vyura niachie mimi." Debora, mdogo wako, alicheka mpaka akapaliwa na maji.

Sikushangaa kwamba ulisomea hayo. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikupa ungo wa kunde na njugu mawe unichambulie, nawe unazipanga kwa rangi, unazivuruga, unazipanga tena kwa umbo, kisha unauliza zipi ni ndugu wa kweli. Mimi nilitaka kupika tu.

Halafu likaja lile juma la mvua za kwanza, ulipokuwa mwaka wako wa mwisho. Ulirudi kutoka mbuga ya majimaji ya Bahi matope yakiwa mpaka magotini, hukusalimia vizuri. "Mama, kuna mmoja simjui." Ukasema ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba, hukaa ndani ya udongo kiangazi chote, hutoka siku chache tu mvua zinapoanza, kisha hutomwona tena. Sauti yake ukaiiga kwa kugonganisha vijiko viwili, haraka haraka, ukiwa umefumba macho.

Baba yako akasema, "Si chura tu huyo?"

"Baba, hakuna chura tu."

Ulikuwa umewahifadhi wachache kwenye spiriti, lakini ulitaka sauti yao. Ukarudi Bahi kuinasa. Huko ulikokuwa mvua haikunyesha hata tone. Ilinyesha juu, mbali, na maji yakaja kwa ghafla kwenye korongo kavu ambalo watu hulivuka kila siku. Pikipiki yako ilikutwa imeegemea mgunga. Wewe ulikutwa mbele zaidi, kwenye mchanga.

Naomba nikuambie kitu ambacho hakuna aliyenionya. Ukiwa umefiwa na mtoto wako wa kwanza, watu wakikuonea huruma hukubadilishia jina. Kanisani walianza taratibu, mmoja mmoja, kuniita Mama Debora. Walidhani wananipunguzia. Mimi nikaitika, maana ningewaambia nini? Jina lako likabaki kinywani mwa baba yako peke yake, naye si mtu wa maneno mengi. Zilipita siku nzima halijatamkwa. Na kila mvua ilipogonga bati nilijifunika shuka kichwani, mimi mke wa mkulima wa zabibu, mtu ambaye maisha yake yote yanaingojea mvua.

Debora alikuwa amepangiwa uhasibu. Hakutuuliza, alitupigia simu tu kutoka chuo akasema amebadili, anasoma wanyama. Baba yako akasema, "Mwache." Debora alikwenda Bahi kila msimu. Miaka mingine mbuga ilikuwa kavu imepasuka kama kisigino, anarudi mikono mitupu, midomo imebabuka. Mwaka juzi maji yalijaa, wavuvi wakarudi na nyavu zao, naye akampata yule chura wako. Akalinganisha sauti, akalinganisha mifupa na vinasaba, akamweka pamoja na wale wa kwako wa kwenye spiriti. Walikuwa wale wale. Hakuna aliyewahi kumwandika.

Mvua za msimu uliopita zilipoanza alikuja nyumbani. "Shikamoo Mama." Nikaitika, nikamwona hakai.

"Mama, nataka chura apewe jina la Daudi."

Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi. Nikaona herufi moja zaidi mwishoni: *daudii*.

"Mbona irabu mbili?"

"Ya pili ni ya Kilatini. Maana yake, wa Daudi."

Baba yako machozi yalimtoka, akasema ni jambo jema. Shangazi yako, ambaye alikuwa amekuja kutusalimu, akasema jina la marehemu hupewa mtoto, si kitu cha matopeni. Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama kwenye zizi la mbuzi, bila shughuli yoyote pale. Debora akanifuata.

"Na wakigundua huyu chura alikuwa na jina la zamani?"

"La zamani ndilo litakalosimama, Mama. Sheria ndiyo hiyo. La Daudi litabaki limeandikwa chini yake, ila halitatumika."

"Kwa hiyo wanaweza kumnyang'anya."

"Nimetafuta kila mahali, sijaona."

"Lakini wanaweza."

Akainama. "Wanaweza."

Hilo ndilo lililonikaba, Daudi, wala si matope. Nilikuwa nimekupoteza mara moja na nilijua uzito wake. Nikamwambia sitaki. Akanijibu kwa upole kwamba hatapeleka andiko lake kwenye jarida bila ridhaa yangu. Kisha akaniomba nimsindikize Bahi, nikamsikie tu huyo chura.

Sikuwahi kukanyaga huko tangu siku ile. Korongo tulilivuka kwa miguu, Debora amenishika mkono, mimi nimekodoa macho upande maji yanakotokea. Hakuna kilichokuja. Tulifika kwenye majaruba ya mpunga jua likianza kuinama. Tukasimama kwenye tuta. Vyura walikuwa wengi, kila mmoja na kelele zake, nami sikuweza kutofautisha chochote. Debora alikuwa amechutama, kichwa ameinamisha upande, kama wewe kabisa.

Mama mmoja aliyekuwa anatoka jarubani na jembe begani akatusalimia, "Mbukwenyi!" Tukaitika. Akatutazama na viatu vyetu vya mjini. "Mmepotelewa na nini hapo?"

Debora akajibu bila kuinua kichwa, "Tunamtafuta Daudi."

Akashtuka mwenyewe. Akanigeukia, mkono mdomoni. Yule mama akaweka jembe chini, akaingiwa na wasiwasi, akaanza kuangaza macho kwenye mpunga. "Daudi ndiye nani? Ni mtoto wenu?"

Sikujua ningesema nini mpaka nilipojisikia nasema. "Ndiyo. Ni mwanangu."

Nikacheka, Daudi. Nikacheka na kulia pamoja, na yule mama masikini akanishika bega hajui anafariji nini. Na hapo hapo, upande wa kushoto, karibu na miguu yetu, kikaanza kile kijisauti cha vijiko viwili, haraka haraka, kikavu. Tukiwa njiani kurudi nikamwambia alipeleke andiko lake.

Wakati wa baridi alinipigia. "Mama, limetoka. Ni jina rasmi sasa." Watu nisiowajua, wenye lugha nisizozijua, wanakutaja. Nimewaambia kanisani kwamba mimi ni Mama Daudi, na wanaoteleza nawasahihisha kama ninavyosahihisha insha.

Lakini sikudanganyi kwamba nimetulia. Sasa nina wewe wa kuhofia upya. Nahofia kabati la makumbusho ya mbali lenye jina la zamani. Nahofia majaruba yanayopanuka, dawa za mpunga, jua. Msimu huu mvua zimechelewa na udongo wa Bahi umefunga kama saruji, nawe uko chini yake unangoja, ndivyo ninavyofikiri, ingawa najua ni chura.

Jumapili mchungaji aliuliza nani ana ombi. Nikasimama. Nikasema naomba mvua inyeshe Bahi.

Akashangaa kidogo. Mizabibu yetu sote inakauka. "Bahi, Mama? Si hapa Hombolo?"

"Bahi kwanza," nikasema, nikakaa.

Kwaheri kwa leo, mwanangu.

Anayekuita kwa sauti,
Mama Daudi