Ile Kavu au Ile Tamu

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimeandika hilo neno kisha nikakaa kusubiri marahaba, kama mjinga. Tangu tukuzike sijui hata salamu zangu ziende wapi.

Jumamosi tunamaliza msiba. Wakwe zako wa Dirma wameleta mbuzi wawili, kreti za soda zimeshafika hapa Dongobesh, na Mama mdogo amenipa kazi moja tu: "Weka mezani waini aliyoipenda mume wangu." Basi. Chupa moja tu ya kuchagua, na mimi niliyefanya kazi mgahawani kwako miaka yote ile siijui. Nimeshika ile kavu, nimeirudisha. Nimeshika ile tamu, nimeirudisha.

Unakumbuka nilivyoanza? Mzee mmoja wa Balangdalalu aliagiza nyama choma na waini kavu, nikamwambia kavu hatuna, tunayo ya maji tu. Nilidhani ni ya unga, inakorogwa kama maziwa ya kopo. Ulicheka mpaka ukashika kaunta. Halafu ukanikalisha, ukanimiminia waini mbili nyekundu za Dodoma, moja kavu na moja tamu, zote za bei nafuu, kwa sababu uliwacheka wanaoonja bei badala ya waini. Kavu, ukasema, ni isiyo na sukari, inayokaza ulimi kama chai ya rangi iliyochemka sana. Nikakunja uso. Ukanipa pande la mbuzi lenye mafuta, ukasema nionje tena, na ule ukali ukalainika wenyewe. Ndiyo maana mteja akikuuliza waini ipi ni nzuri hukumjibu. Ulimuuliza, "Unakula nini?"

Wewe mwenyewe ulikuwa mtu wa kavu, kila mtu anajua. Baridi ya Julai ikizidi uliivalisha chupa sweta lako ili isipoe sana. Ile tamu uliiita juisi ya watoto wa kipaimara.

Sasa ngoja nikuambie nilichofanya, maana kinanisumbua. Wiki ile ya mwisho ulisema kila kitu mdomoni mwako ni maji. Nikakupikia supu ya mbuzi, nikaitia pilipili nyingi mno ili usikie japo kitu kimoja. Ukaomba glasi ya kavu, kidogo tu. Muuguzi alishasema upewe unachotaka. Lakini nikaangalia ulivyokonda, nikaingiwa na huruma, nikakumiminia ile tamu na kukuambia ni kavu. Nilikudanganya, Baba mdogo. Mimi. Ukanywa supu, ukanywa waini, ukafumba macho, ukasema, "Hii ndiyo yenyewe."

Nikatoka nje kulia. Nilijua ulimi wako umetangulia.

Lakini jana nimepika supu ileile, na pilipili zilezile, nikaionja na waini zote mbili. Kavu iliniwasha mpaka masikio. Tamu ikautuliza moto wote. Sasa sielewi kabisa. Ulikuwa huonji kitu, ukasema vile ili kunifurahisha? Au ulionja kila kitu, supu yangu mbaya na uongo wangu, na bado ukanipa jibu sahihi? Kama ulijua, mbona hukunigombeza? Wewe uliyenigombeza kwa alama ya kidole kwenye glasi! Nikifikiri hukuonja, naumia. Nikifikiri ulionja, naona aibu. Leo nimefuta meza moja mara tatu bila kujua.

Nimeamua zitakwenda zote mbili. Kavu itakaa na nyama choma. Tamu itakaa karibu na bakuli moja la supu ya pilipili, na Mama mdogo nitamwambia ukweli wote kabla wageni hawajafika. Akinikasirikia, sawa. Na wewe nakuahidi: sitamdanganya tena mtu kuhusu kilichomo kwenye glasi yake, hata akiwa mgonjwa, hata nikimpenda namna nilivyokupenda.

Pumzika, Baba mdogo. Wageni wakiniuliza ni ipi hasa uliyoipenda, nitawaambia inategemea siku hiyo ulikuwa unakula nini.

Mwanao,
Paskalina