Tuzo ya Kikohozi Changu

Mhunze

Mdogo wangu Loveness,

Mama hajambo, mbuzi wake amezaa mapacha. Hongera kwa tuzo ya chuo, ya kile kipindi chako cha redio kuhusu machimbo. Nimemsikia mhadhiri wako redioni akiusifu ujasiri wako. Ujasiri wako! Niliyeeleza kwamba bosi anatushusha shimoni bila magogo ya kuzuia udongo ni mimi. Uliniahidi utanificha. Ukabadilisha jina, sauti ukaiacha vilevile, na kikohozi changu juu yake. Kipindi kiliporushwa, wachimbaji wote wa Buseresere walinitambua, na bosi akanifukuza siku hiyohiyo.

Mama amebandika ukutani picha yako na tuzo. Kila siku ananiuliza mbona nimerudi na sururu. Nimemwambia niko likizo. Wewe mwenye ujasiri, njoo umwambie.

Kaka yako,
Mayala