Sauti Iliyokatwa kwenye Wimbo wa Kwanza

Chumba cha mbele, nyumba ile ile,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa kaka yangu Chuma,

Salamu zangu zikufikie zingali moto. Hujambo? Wifi hajambo? Na mabinti zako, mafua yamewaachia? Sisi huku hatujambo, ila magoti ya Baba yanalalamika kila kukiwa na baridi, na mimi mgongo, maana kusuka ni kuinama. Kwenye simu ulisema uko "vizuri sana, vizuri mno." Mtu aliye mzima kweli husema hajambo, basi. Nikaliweka akilini.

Najua unacheka. Mlinipa jina la Mpelelezi tangu utotoni kwa sababu nilikuwa nanusa maziwa kabla ya kunywa. Cheka tu, lakini katika nyumba ile ni mimi peke yangu ambaye sikuwahi kuharisha.

Saloni yangu hapa nyumbani inakwenda, namshukuru Mungu. Nimeongeza kiti kimoja. Mteja wangu wa kudumu ni yule muuguzi jirani yetu, naye ndiye shahidi wa haya nitakayokueleza.

Albamu ya zamani ya bendi yenu uliyonitumia kwenye simu imefika. "Nyundo Haina Masikio" imesafishwa mpaka inang'aa. Jambo moja lilinishangaza. Wewe ambaye ukinitumia picha ya kikombe cha chai lazima uifuatishie hotuba, safari hii umeandika neno moja tu, "Sikiliza." Hata salamu hakuna.

Nikaunganisha na spika ya saloni siku ya Ijumaa. Muuguzi alikuwa amesukwa nusu kichwa, hana pa kukimbilia. Akaniuliza, "Mwenzangu, huyu anaimba au anaumwa?" Nikamwambia ni kaka yangu, anadai haki za wafanyakazi. "Ndiyo apasue koo hivyo?" Lakini mlipofika kwenye "mmetuhesabu kama misumari," alianza kutikisa mguu. Nadhani hata hospitalini wana wasimamizi wao.

Mimi nilikuwa nasubiri kitu kingine. "Zamu ya Pili," wimbo wa kwanza, huanza na sauti ya mashine. Wewe ndiye uliyeingiza kinasa sauti kiwandani, umekificha chini ya chakula cha Baba, ukairekodi ile presi yake ya kutengeneza mifuniko ya sufuria. Katika hii iliyosafishwa mashine haipo kabisa. Gitaa linaanza moja kwa moja.

Hapo nikaikumbuka simu yako ya mwezi wa pili. Uliniuliza kama kaseti ya zamani ya albamu hii bado ipo, ukaniambia niitupe, eti kaseti zikizeeka huota kuvu na kuharibu redio. Kaka, mimi huyu? Nitupe kitu kwa sababu nimehimizwa nikitupe? Siku ile ile niliitia kwenye kopo la vifungo nikalifunika.

Basi nikaitoa. Redio ya Mama bado inacheza kaseti. Nilizima kikausha nywele, nikatega sikio kwenye spika, muuguzi naye akatega lake. Mashine inashuka kwa kishindo. Halafu upesi upesi kinafuata kishindo kingine kidogo, na katikati ya kelele hizo kuna mtu anaongea. Nikarudisha nyuma, tukasikiliza tena. Ni Baba.

"Rudi nyuma, mwanangu. Leo inashuka yenyewe, hata sijakanyaga pedali. Nimeshamwambia msimamizi, kasema tumalize zamu."

Kitana kiliniponyoka. Mwezi ule ule uliorekodi ndipo vidole vya Baba vilipobaki chini ya mashine hiyo.

Unakumbuka msimamizi alivyokuja hospitali na uso wake wa huruma. Eti mashine ni nzima, hakuna aliyewahi kuripoti tatizo, mzee alisinzia. Na Baba, katikati ya maumivu na madawa, akaanza kujishuku mwenyewe. Akasema labda alikusudia kuripoti, akasahau. Tangu hapo mtu akimuuliza habari za ule mkono anajibu neno moja, "Uzembe." Hata wajukuu huwaambia hivyo, kisha huwasihi wasije wakawa kama yeye.

Mimi ile sauti sikuwahi kuisikia. Nani alikuwa anatafuta maneno ndani ya kelele ile? Na baada ya ajali Mama aliipiga kaseti marufuku. Lakini wewe ulikuwa umesimama pale. Aliyeambiwa arudi nyuma ni wewe.

Nimewaza mengi, na yote mabaya. Kwanza niliwashuku wakubwa wa kiwanda, kwamba wamekufikia huko uliko. Nikaona hapana, kichwa chako kigumu mno kununulika. Ndipo likanijia baya zaidi, kwamba umejua siku zote. Uliogopa kuulizwa ulikuwa unafanya nini mle ndani na kinasa sauti, ukanyamaza, ukasafiri hata bendeji ya Baba haijafunguliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi muda wote huo nilikuwa nawakagua majirani.

Albamu nzima mnawatetea wanyonge, na mnyonge wa nyumbani kwako ukamwacha ajilaumu mpaka kazeeka. Kama nakusingizia, nisamehe. Kama sikusingizii, sijui nitakusamehe lini.

Halafu hukumaliza kukata. Yule mpiga ngoma wenu Kisigino aliutoa mdundo wake kwenye presi ile, kishindo kikubwa cha kawaida na kidogo cha kujishukia yenyewe. Hata kwenye nakala hii uliyokata bado anagonga mara mbili, wimbo mzima.

Sikukusudia Baba asikie. Alikuwa barazani, akaja kulalamikia kelele, si unajua anavyouita muziki wenu vita vya sufuria. Akasimama mlangoni. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Alisikiliza ameushika mkono mmoja kwa mwingine, kisha akasema polepole, "Nilimwambia." Akamgeukia muuguzi na nusu kichwa chake, "Umesikia, mama? Nilimwambia." Akakaa kwenye kiti cha wateja akalia. Hata siku ya ajali sikumwona akilia, na mimi nikalia naye.

Mama yuko kwa shangazi, anarudi Jumamosi. Kabla hajaingia ndani nataka jibu lako, na nalitaka kwa sauti yako, usiniandikie neno moja. Kaseti iko salama. Sikwambii iko wapi.

Msalimie wifi na mabinti. Shangazi anakusalimu, Kisigino pia, na muuguzi anasema koo lako ulionyeshe kwa daktari. Baba naye ana salamu zake, nakuandikia kama alivyozitamka, sikutia chumvi: "Mwambie nyumbani ni kwake, aje. Ila sauti yangu airudishe pale alipoitoa."

Mungu akulinde, na akufungue mdomo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokushuku,
Mpelelezi.