Taulo la mjukuu

Shoga, weka chini hiyo sufuria usome. Nimeaibika mpaka masikio yanawaka.

Unajua paka wangu anavyompigisha mjukuu chafya. Nesi alisema paka asilale chumbani, sakafu nifute kwa tambara lenye maji, na paka mwenyewe nimwogeshe. Yote nimefanya! Leo asubuhi nimemtia kwenye beseni, amenikwaruza mikono yote miwili, nami nimemtukana yeye na ukoo wake.

Mchana mtoto akatoka kuoga macho yamevimba, hayafunguki. Mkwe wangu, mama wa mtoto, akaja juu: "Mama, huyu paka anaondoka leo! Leo hii!" Tayari ameshika boksi.

Tayari ameshika boksi, shoga!

Mimi macho yangu kwenye taulo alilojifutia mtoto. Lile lake la njano. Limeota manyoya kama kidevu cha babu yake. Ndilo nililomkaushia paka, kisha nikalianika, nikalirudisha msumarini, najiona bingwa wa usafi.

Ningeweza kunyamaza. Paka angejitetea vipi? Nikasema, "Mwanangu, paka hana kosa. Mimi ndiye niliyemfuta kwa taulo hilo."

Tukamnawisha mtoto uso kwa maji mengi mpaka jicho moja likafunguka. Akanitazama kwa hilo hilo moja, akamwambia mama yake:

"Basi paka abaki. Tumfukuze bibi."

Na mama yake, shoga, alifikiri kwanza.