Sauti ya Pili

Amherst, Buffalo
Jumapili asubuhi

Kwa shemeji yangu mpendwa Dafroza,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo wa Bwana wetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba koo lako limepata nafuu tangu baridi ipungue. Sisi wa Louisville hatujambo. Magoti yangu yananung'unika, lakini bado yananifikisha kanisani. Aliyekukabidhi bahasha hii ni mtoto wako Ingabire. Nakuomba umpe kiti na chai, kisha usome hadi mwisho kabla ya kumwambia neno lolote. Yeye anadhani ni salamu tu.

Kwanza niombe radhi. Juzi Ijumaa tulipita Columbus, tukaiona njia ya kuingia Linden, mtaani kwako, na hatukusimama. Ingabire alikuwa amekwisha kuwasha taa ya kukata kona. Ni mimi niliyemwambia aendelee, nikasingizia kwamba tumechelewa. Hatukuwa tumechelewa.

Ulisikia kwa simu habari za Wajerumani wawili, Henning na Volkmar, wanaopiga muziki wa mitambo kwa jina la Ostkabel. Shangazi yake Henning ndiye yule muuguzi wa misheni yetu kule milimani, aliyetembea na kinasa sauti shingoni. Alipofariki, kanda zake zilimfikia Henning, na katika mojawapo walikuta wimbo wa kwaya yetu. Muuguzi alikuwa amemweleza kwamba mwimbaji ni dada yako Mukandoli. Wakatangaza mtandaoni kuwatafuta jamaa zake. Ingabire aliona jina la mama yake, akawaandikia, nao wakatualika kwenye onyesho lao la Buffalo, ili mimi, mumewe, nithibitishe kwamba ni yeye na jina litangazwe jukwaani.

Unajua jambo hili lina uzito gani kwake. Mama yake alifia kambini Burundi, yeye akiwa hajajua hata kutembea vizuri. Hana sauti yake, hata neno moja. Kanisani mzee Ruberwa alinitania mbele ya watu: "Mwalimu, ni uzeeni ndiyo unaanza disko?" Wakacheka wote isipokuwa Ingabire. Alimjibu kwamba angeenda hata kama mama yake angekuwa anaimbia ndani ya baa.

Njiani alinisikilizisha albamu zao kwa mpangilio ili, alivyosema, papa asifike kule mjinga. Ya kwanza, ya ujana wao, ilikuwa nyundo na vyuma vitupu. Nilimwuliza kama gari limeharibika. Alicheka sana, akasema, "Papa, hii ni kabisa kama kule ku kazi, ku kiwanda. Miye wananilipa juu ya kuisikia!" Katika ya pili ngoma zilipunguza mwendo. Katika ya tatu hazikuwapo tena. Ilibaki milio mirefu, kama kinanda cha misheni kinapojaribiwa kabla ya ibada. Akanieleza kwamba ndivyo walivyokua: kila albamu wanaondoa kitu. Volkmar ndiye mwenye mkono wa kuondoa. Henning hununa, kisha hukubali. Sasa, baada ya miaka yote hiyo, wamefika mahali pa kubakiza sauti ya mtu mmoja peke yake.

Kabla hatujafika Columbus akauweka wimbo wenyewe. Alishika usukani kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka, akaniuliza, "Papa, ni yeye, eh?" Sikujibu. Akaupokea ukimya wangu kama ndiyo, na punde kidogo akawasha taa ya kuja kwako.

Jana mchana, ukumbi ukiwa bado mtupu, Volkmar aliniuliza swali lilelile kwa Kifaransa. Ingabire alikuwa nje akitafuta mahali pa kuegesha gari. Badala ya kujibu, nikaomba kuisikia kanda kabla haijasafishwa. Volkmar akasema humo hamna kitu, ni mvua na makelele. Henning akamkatiza: "Basi mpe mzee makelele yake," naye mwenyewe akaiwasha.

Shemeji, sauti waliyoibakiza ni yako. Ni sauti ya pili, uliyoimba ukiwa karibu na kinasa sauti, na ile pumzi unayoivuta kwa haraka kabla ya kiitikio. Nilikutambua kule garini. Najua kwamba tangu wakupasue rovu la shingoni huimbi tena. Unafungua kitabu cha nyimbo na kunyamaza. Niliogopa ujisikie ghafla sebuleni kwako, mbele ya mtoto anayeiita sauti yako mama yake bila kujua.

Lakini katika kanda nzima kuna mvua juu ya mabati, kuna mtu anakohoa, na mbali kule mlangoni kuna sauti ya kwanza. Utakumbuka kwamba siku ile Mukandoli aliongoza akiwa mlangoni, kwa kuwa alikuwa amembeba Ingabire aliyekuwa akilia. Kilio hicho nacho kimo. Volkmar alikuwa amewafuta wote wawili akidhani ni uchafu. Nilipomwambia, aliketi kwenye ngazi za jukwaa akavua miwani. Nikawaomba wasitangaze jina lolote.

Wimbo ulipopigwa mbele ya watu, Ingabire alinishika mkono akanong'ona, "Mama." Nikanyamaza tena. Mnisamehe nyote wawili. Nilitaka wewe ujue kwanza, kwa sababu sauti ni yako. Wala sikuweza kumnyang'anya mtoto kitu kile bila kuwa na kingine cha kumpa.

Henning ameituma kanda nzima kwenye simu ya Ingabire, nami nilimsihi asiifungue hadi afike kwako. Mwambie aifungue. Mwambie ile sauti ya karibu ni ya nani. Kisha nyamazeni, kwa maana sauti ya kwanza ni hafifu, na masikio yangu ya uzee hayawezi kumwonyesha inapoanzia. Wewe uliimba naye. Wewe ndiye unayejua mama yake anaingia wapi.

Unifikishie salamu kwa wapendwa wote wa kanisa lenu. Unapoyasoma haya nitakuwa nje, ndani ya gari, upande wa pili wa barabara. Ukisogeza pazia utaniona. Sitagonga mlango. Mkimaliza kusikiliza, mtume mtoto wetu aje aniite.

Ni mimi, shemeji yako mwenye kukuheshimu,

Enoki Nyarugabo