Mkono wa Naomi Haukuwa Mvivu

Nyakunguru, Tarime
18 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Susana,

Shikamoo. Habari za huko Nakuru? Miguu yako je, bado inavimba ukisimama sana dukani? Tunamwomba Mungu akuponye. Huku tu wazima, isipokuwa mdogo wangu Naomi, na ndiyo sababu ninaandika. Kwa mdomo ningekukosea heshima, na wewe ni dada wa baba yangu.

Shangazi, nina hasira.

Naomi alianguka machimboni mwezi wa pili, amebeba mfuko wa mawe ya dhahabu, akatanguliza kiganja kwenye mwamba. Mumewe Nashoni alimpeleka kituo kimoja cha afya mjini Tarime. Wakampiga eksirei, wakasema mifupa ni mizima, wakampa dawa za maumivu. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila Naomi akisema kifundo cha mkono kinamuuma, Nashoni anamjibu, "Daktari kasema uko mzima. Kaponde mawe."

Akaponda. Akateka maji. Siku moja karai la mchanga likamponyoka mbele ya wachimbaji, Nashoni akamtukana matusi ambayo siwezi kukuandikia. Kisha akakupigia wewe, akasema mkewe amekuwa mvivu. Na wewe, bila kumuuliza Naomi lolote, ukamwambia anauaibisha ukoo wetu. Alinisimulia huku akilia. Nilinyamaza kwa heshima. Leo sinyamazi.

Nilimrudisha mwenyewe kituoni. Muuguzi mmoja ninayesali naye alikuwa amenidokeza kwamba altrasaundi inaonyesha hata kano za mkono. Dada wa mapokezi akaniuliza, "Mimba ina miezi mingapi?" Nikamwambia hana mimba, anaumwa mkono. Akacheka! Akasema mashine ni ya wajawazito, tusiwasumbue. Na mashine yenyewe ilikuwa chumba cha pili tu, Shangazi.

Tukapanda basi hadi Musoma. Huko tulimpata mtaalamu wa altrasaundi, Bwana Lusekelo, mtu wa Mbeya. Alimpaka Naomi jeli ya baridi juu ya kifundo, akapitisha kile kifaa polepole, mkono wa kulia kisha wa kushoto, apate kulinganisha. Akamwambia, "Dada, kunja ngumi." Kwenye kioo niliona kwa macho yangu vifupa viwili vya mkono wa kulia vikiachana. Vya kushoto vilitulia pamoja.

"Kano inayovishika imekatika," akasema. "Eksirei ya mkono uliotulia inaweza isionyeshe hili. Nani alimwambia aendelee na kazi?"

Naomi aliinama akalia, na nadhani alilia kwa sababu hatimaye kuna mtu amemwamini.

Daktari wa mifupa alithibitisha. Angefika mapema, kano ingeshonwa kwa urahisi zaidi. Sasa anasubiri upasuaji Mwanza, na hata akipasuliwa, mkono hautarudi kuwa kama zamani. Ndio mkono wa kusonga ugali huo, wa kusuka nywele, wa kumbeba mtoto.

Jumapili Nashoni alikuja kumchukua. Nilisimama mlangoni. Akaanza, "Hata shangazi yenu alisema..." Nikamkatiza: "Shangazi ulimdanganya wewe." Nilikutetea, ingawa moyoni sikuwa na hakika kama unastahili. Baba akamwambia aondoke. Naomi atakaa kwetu, na akipona ataamua mwenyewe.

Ninalokuomba ni moja. Zungumza na Naomi. Si na mimi, si na Baba, na usithubutu kuanza na Nashoni. Mwambie ulikosea. Mama yetu alipofariki, wewe ndiye uliyemlea Naomi, kwa hiyo neno lako limemuuma kuliko mwamba ule.

Nisalimie mumeo Mzee Ezekiel, na Sheila, na Kisyeri. Baba anakusalimu, lakini kwa ufupi. Mungu akulinde na akulainishe moyo.

Mimi ninayekupenda bado,
Gati